Kombe la Kanada na binti wa Kinshasa: miaka 144 ya mashindano yaliyompata Victoria Mboko

Usiku wa kuamkia Ijumaa, 8 Agosti 2025, Butembo, huku mashariki mwa Kongo, ilikuwa imelala. Mjini Montreal, Kanada, ambako saa ziko nyuma yetu kwa saa 6 wakati wa kiangazi, Alhamisi ilikuwa bado haijaisha. Katika uwanja wa tenisi wa Parc Jarry, msichana wa miaka 18 aitwaye Victoria Mboko alikuwa amekwisha kupoteza seti ya kwanza 2-6 mbele ya Naomi Osaka wa Japani, bingwa wa Grand Slam mara nne. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa na maumivu tangu alipoanguka katika nusu fainali. Akaichukua seti ya pili 6-4. Ya tatu aliimaliza 6-1, akapiga magoti uwanjani huku watu wake wakimshangilia.

Jina Mboko halihitaji maelezo kwa msomaji wa Kongo. Wazazi wa Victoria walitoka Kinshasa, wakahamia Marekani wakati nchi yetu ilipokuwa katika misukosuko ya mwishoni mwa miaka ya 1990. Yeye, kitinda mimba wa watoto wanne, alizaliwa Charlotte, North Carolina, tarehe 26 Agosti 2006, na akiwa bado mtoto mdogo familia ikahamia Kanada, ambako alikulia katika mji wa Burlington, karibu na Toronto. Ndugu zake wakubwa walikuwa wakicheza tenisi kabla yake. Naye alishika raketi akiwa na umri ambao watoto wengi wa huku kwetu Lubero ndiyo kwanza wanatumwa kuchota maji na kidumu cha lita tano.

Ushindi ule ulisomwa na wengi kama habari ya kipaji cha mtu mmoja, na kipaji kilikuwepo kweli. Lakini kombe alilolinyanyua lina historia ya karne na nusu kasoro miaka michache, na ndani ya historia hiyo mna jibu la swali ambalo mashabiki wa michezo wa huku kwetu wanajiuliza kila mara mtoto wa Kikongo anapong'ara ugenini: kwa nini huko, na si hapa?

Klabu, nyasi na watu wachache

Mashindano ya Wazi ya Kanada, ambayo leo kwa Kifaransa huitwa Omnium Banque Nationale, yalianza mwaka 1881 katika Toronto Lawn Tennis Club. Kwa umri yanafuata Wimbledon, iliyoanza 1877, na mashindano ya Marekani yaliyoanza mwaka huohuo wa 1881. Bingwa wa kwanza alikuwa Isidore Hellmuth. Wanawake walingoja hadi 1892 ndipo wakapewa mashindano yao.

Ili kupima umbali wa tarehe hizo, mtu akumbuke kwamba mwaka 1881 Mkutano wa Berlin, uliomalizika 1885 na kumwachia Leopold II eneo la Kongo, ulikuwa haujaitishwa. Butembo kama mji haikuwepo; ilikuja kukua katika karne ya 20, kwanza kwa shughuli za kampuni ya madini ya MGL, kisha kwa mikono ya wafanyabiashara wake wenyewe. Wakati huo tenisi ya Toronto ilikuwa starehe ya watu wa klabu. Aliyecheza alikuwa na muda, alikuwa na nguo nyeupe, na alijulikana mlangoni. Fedha za zawadi hazikuwepo, kwa sababu mchezaji wa ridhaa ndiye aliyehesabiwa kuwa muungwana, na anayelipwa alifungiwa nje ya mashindano makubwa.

Mpaka huo ulivunjwa mwaka 1968, tenisi ilipofungua milango kwa wachezaji wa kulipwa. Ndiyo maana ya neno "wazi" katika majina ya mashindano mengi ya mchezo huu: anayelipwa na asiyelipwa wote wanaruhusiwa kuingia. Mwaka uliofuata, 1969, Mkanada Faye Urban alishinda upande wa wanawake. Hakuna aliyejua kwamba ingepita miaka 50 kabla ya Mkanada mwingine kufanya hivyo. Upande wa wanaume hali ni ngumu zaidi: Robert Bédard alishinda 1955, 1957 na 1958, na tangu hapo hadi leo hakuna Mkanada aliyelitwaa kombe hilo katika mchezo wa mmoja mmoja.

Sigara, simu, benki

Milango ilipofunguliwa, fedha zikaingia, na fedha za kwanza zilinuka moshi. Katika miaka ya 1970 mashindano yalidhaminiwa na kampuni ya sigara Rothmans. Likafuata jina la Player's, kisha du Maurier, nazo pia ni sigara. Kanada ilipotunga sheria ya tumbaku mwaka 1997 na kuanza kuyaondoa majina hayo kwenye michezo, waandaaji walilazimika kutafuta mdhamini mpya. Kampuni ya mawasiliano ya Rogers iliingia, na kwa miaka mingi dunia iliyaita mashindano hayo Kombe la Rogers. Tangu 2021 jina ni la Benki ya Taifa ya Kanada, yenye makao yake Montreal.

Uwanja nao ulibadilika. Kwa muda mrefu mechi zilichezwa kwenye udongo. Mwaka 1979 mashindano yakahamishiwa kwenye sakafu ngumu, ileile inayotumika katika mashindano ya Marekani yanayofuata wiki chache baadaye, na hivyo wachezaji wakubwa wakawa na sababu nzuri ya kupita Kanada wakielekea New York. Björn Borg wa Uswidi alishinda mwaka huo wa mabadiliko. Ivan Lendl, mzaliwa wa Chekoslovakia, alikuja kulichukua kombe mara sita kati ya 1980 na 1989, rekodi ya wanaume ambayo haijavunjwa.

Uamuzi mwingine uliyapa mashindano haya sura isiyo ya kawaida. Tangu 1981 yanachezwa katika miji miwili, Toronto na Montreal. Mwaka mmoja wanaume wako mji huu na wanawake mji ule. Mwaka unaofuata wanabadilishana. Toronto ni mji wa Kiingereza, Montreal ni mji wa Kifaransa, na nchi yenye lugha mbili iliona vema kila upande uonje. Mkazi wa Montreal anayenunua tikiti kila kiangazi huwaona mabingwa wa kike mwaka huu na wa kiume mwaka ujao, bila kuondoka mjini kwake.

Parc Jarry yenyewe ni bustani ya umma katikati ya mitaa ya wahamiaji. Uwanja wake mkuu ulijengwa mahali ambapo timu ya besiboli ya Montreal Expos ilicheza kuanzia 1969 hadi 1976. Mwaka 1984 Papa Yohane Paulo wa Pili aliadhimisha misa katika bustani hiyo mbele ya umati mkubwa, mwaka mmoja kabla ya kuja Kinshasa, Agosti 1985, kumtangaza Anuarite kuwa mwenyeheri. Mchezo ulioanzia nyuma ya uzio wa klabu ukawa umefika mahali ambapo mama mwenye gari la mtoto anapita akielekea sokoni.

Aliyerudi baada ya kisu

Kila mashindano ya zamani yana mwaka ambao wazee huutaja kwanza. Kwa Kanada ni 1995. Monica Seles, mzaliwa wa Novi Sad, alikuwa bora duniani aliposhambuliwa kwa kisu mgongoni akiwa amekaa uwanjani Hamburg, tarehe 30 Aprili 1993. Hakucheza mashindano kwa zaidi ya miaka miwili. Aliporejea, Agosti 1995, alichagua Toronto. Katika fainali alikutana na Amanda Coetzer wa Afrika Kusini, mwanamke mfupi mwenye miguu myepesi ambaye wiki hiyohiyo alikuwa amemtoa Steffi Graf. Seles alishinda 6-0, 6-1. Akalirudia kombe hilo 1996, 1997 na 1998, akafikia mataji manne kama Chris Evert kabla yake.

Wakanada walishangilia mabingwa wa wengine kwa miaka mingi. Walikuwa na mashindano makubwa bila wachezaji wakubwa, hali inayofanana na mji wenye soko kubwa ambalo bidhaa zake zote zinatoka nje. Hapo ndipo historia hii inapogeuka kuwa somo.

Fedha za tikiti zilikwenda wapi

Mmiliki wa mashindano ni Tennis Canada, chama cha tenisi cha nchi, na sehemu kubwa ya mapato yake hutokana na wiki hizi za Agosti: tikiti, udhamini, haki za televisheni. Katikati ya miaka ya 2000 chama kiliamua kuzielekeza fedha hizo kwa watoto. Mwaka 2006 kilimwajiri Mfaransa Louis Borfiga aongoze malezi ya wachezaji, na mwaka 2007 kikafungua kituo cha taifa cha mazoezi. Kituo hicho hakikujengwa mbali. Kiliwekwa palepale Parc Jarry, kwenye uwanja wa mashindano, ili miezi ambayo majukwaa hayana watu, viwanja viwe na watoto.

Matunda hayakuchukua muda mrefu kuonekana. Milos Raonic na Eugenie Bouchard walicheza fainali za Wimbledon, Bouchard mwaka 2014 na Raonic mwaka 2016. Félix Auger-Aliassime, ambaye baba yake alihamia Quebec kutoka Togo, alilelewa katika mfumo huo. Mwaka 2017 Denis Shapovalov, akiwa na miaka 18, alimtoa Rafael Nadal mjini Montreal. Mwaka 2019 Bianca Andreescu, binti wa wahamiaji kutoka Romania, alishinda Toronto baada ya Serena Williams kushindwa kuendelea na fainali kwa maumivu ya mgongo. Miaka 50 ya kungoja tangu Faye Urban ikaisha. Mwaka 2022 Kanada ilishinda Kombe la Davis kwa mara ya kwanza, na mwaka 2023 wanawake wakaleta Kombe la Billie Jean King.

Ukiyasoma majina hayo kwa makini utaona jambo moja. Raonic alizaliwa Podgorica, Shapovalov alizaliwa Tel Aviv, wengine ni watoto wa watu waliowasili na masanduku. Hawakuletwa Kanada na tenisi. Familia zao zilifika zikitafuta amani na kazi kama familia nyingine yoyote, kisha watoto wakakuta uwanja karibu na nyumbani na kocha anayejua kazi yake.

Mwaka wa Mboko

Victoria Mboko alianza mwaka 2025 akiwa nafasi ya 333 duniani. Mtu wa nafasi hiyo haalikwi kwenye mashindano makubwa. Anacheza mashindano madogo ambayo mshindi wake hupata fedha za kumfikisha mashindano yanayofuata, mara nyingi mbele ya watazamaji wanaohesabika kwa vidole. Mboko aliyapitia kwa kasi: mechi 22 za kwanza za mwaka alizishinda zote. Mei, mjini Roma, alikutana na Mmarekani Coco Gauff, akashinda seti ya kwanza kisha akazidiwa. Roland Garros alianzia kwenye mchujo na kufika raundi ya tatu. Wimbledon aliingia kwa nafasi ya mchezaji aliyejitoa, na akashinda mechi moja.

Alipofika Montreal mwishoni mwa Julai alikuwa wa 85, na waandaaji walimpa kadi ya mwaliko. Kadi hizo ni chache, na kila mashindano huzitoa kwa hiari yake: kwa nyota anayetoka majeruhi, kwa mkongwe anayeaga, kwa kijana wa nyumbani. Bouchard, aliyekuwa ametangaza kwamba hayo ndiyo mashindano yake ya mwisho, naye alicheza wiki hiyo Parc Jarry. Alishinda mechi yake ya kwanza, akatolewa katika ya pili, akaagwa na umma wake. Kizazi kimoja kilikuwa kinatoka uwanjani huku kingine kikiingia.

Mboko alimshinda Kimberly Birrell wa Australia, kisha Sofia Kenin, bingwa wa Australian Open 2020. Dhidi ya Marie Bouzková wa Jamhuri ya Cheki alipoteza seti ya kwanza 1-6, akageuza mambo na kumaliza ya tatu 6-0. Raundi ya nne ilimrudisha mbele ya Gauff, sasa akiwa bingwa mpya wa Roland Garros, na safari hii Mboko alishinda 6-1, 6-4. Baada ya robo fainali akakutana na Elena Rybakina, bingwa wa Wimbledon 2022. Rybakina alichukua seti ya kwanza 6-1, na katika ya tatu alifika mahali ambapo pointi moja tu ingempeleka fainali. Hakuipata. Mboko alishinda kwa 1-6, 7-5, 7-6.

Kenin, Gauff, Rybakina, Osaka: mabingwa wanne wa Grand Slam katika mashindano mamoja. Tangu Serena Williams katika US Open ya 1999, hakuna msichana wa umri mdogo kama huo aliyewahi kufanya hivyo. Mboko alitoka nafasi ya 85 hadi ya 24, akawa Mkanada wa tatu kulitwaa kombe la wanawake tangu tenisi ifunguliwe kwa wote. Hundi yake ilikuwa ya dola za Marekani 752,275. Ben Shelton, aliyeshinda upande wa wanaume Toronto siku hiyohiyo, alipokea dola 1,124,380. Waandaaji wameahidi kuliziba pengo hilo ifikapo 2027, na ahadi hiyo inastahili kudaiwa hadi senti ya mwisho. Novemba mwaka huohuo Mboko aliongeza taji la Hong Kong. Kocha aliyeketi upande wake alikuwa Nathalie Tauziat, Mfaransa aliyecheza fainali ya Wimbledon 1998 na ambaye alizaliwa Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati.

Siku Nairobi ilipoishinda Burlington

Kuna ukurasa mmoja wa hadithi hii ambao Waafrika Mashariki wanapaswa kuujua. Julai 2022, katika fainali ya wasichana wawili wawili ya Wimbledon, Mboko na Mkanada mwenzake Kayla Cross walisimama upande mmoja wa wavu. Upande wa pili alikuwepo Angella Okutoyi wa Nairobi, akicheza na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Okutoyi na Nijkamp walishinda 3-6, 6-4, 11-9, na Okutoyi akawa Mkenya wa kwanza kupata taji la Grand Slam katika ngazi ya vijana. Msichana huyo, aliyelelewa na bibi yake, baadaye alikwenda kusoma na kucheza katika Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, na mwaka 2024 akailetea Kenya dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra.

Kwa hiyo siku ile, kwenye nyasi za London, binti wa Nairobi hakuwa chini ya binti wa Burlington hata kidogo. Tofauti iliyojitokeza baadaye ni ya ngazi za kupandia. Mkanada ana mashindano ya kulipwa ya ukubwa wote ndani ya nchi yake, ana kituo cha taifa, ana kadi ya mwaliko inayomsubiri Agosti. Mwafrika wa kanda yetu mara nyingi husafiri mbali ili kupata pointi, na nauli huisha kabla ya kipaji.

Na Lubero?

Kwa mstari ulionyooka, mashindano ya kulipwa yaliyo karibu zaidi na Butembo yako Kigali, pungufu ya kilomita 300. Rwanda Challenger ilianza mwaka 2024 kwa wiki mbili mfululizo. Mpolandi Kamil Majchrzak alishinda ya kwanza na Muajentina Marco Trungelliti ya pili. Lakini mstari ulionyooka hauendeshwi na gari. Tangu vita ilipofika Kanyabayonga, Juni 2024, barabara ya kusini imekuwa njia ya wakimbizi wa vita wanaopanda kuelekea Lubero na Butembo. Kwa familia iliyobeba godoro kichwani, raketi si jambo la kwanza, na hakuna mwandishi mwenye haki ya kulisema vingine.

Hata hivyo watoto hao wanacheza, popote walipo, na mpira wa miguu umeonyesha kwamba vita haizimi michezo huku. Nyuki ya Butembo na Capaco ya Beni zimebeba majina ya miji yao katika miaka migumu. Tenisi inaweza kupata nafasi yake kwa sababu ya kawaida kabisa, nayo ni ardhi. Katika vilima vya Lubero, huko Baswagha, Bamate na Batangi, eneo tambarare ni adimu, na kila kipande kimelimwa viazi, vitunguu au ngano. Uwanja kamili wa mpira wa miguu, mita 105 kwa 68, unahitaji kusawazisha upande mzima wa kilima. Uwanja wa tenisi una urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 10.97, na pamoja na nafasi ya kukimbilia pembeni unatosha katika mita 37 kwa 19. Kwa eneo, ardhi ya uwanja mmoja wa mpira inakaribia kuwa sawa na ya viwanja 10 vya tenisi. Ua wa shule ya sekondari unaweza kubeba kimoja. Udongo mwekundu uliochekechwa na kushindiliwa ndio uliotumika katika viwanja vingi vya Afrika, na wavu wa kudumu miaka kadhaa hauzidi uwezo wa chama cha wazazi kilichojipanga.

Hata mwinuko una faida yake. Butembo na Lubero ziko juu ya mita 1,700, ambako hewa ni nyepesi na mpira hupaa kwa kasi kuliko pwani. Shirikisho la tenisi la dunia limeweka aina maalumu ya mipira kwa maeneo yanayozidi mita 1,219. Mtoto anayejifunza kuudhibiti mpira kwenye hewa ya Lubero anajifunza kazi ngumu mapema, na mapafu yake tayari yamezoea mlima.

Kinachobaki ni kile ambacho Kanada ilikifanya mwaka 2006 na 2007: mtu mmoja anayejua kufundisha, mahali pamoja pa kufundishia, na fedha za mchezo kurudi kwa watoto wa mchezo. Wafanyabiashara wa Butembo, waliojenga mji kwa kuagiza bidhaa Dubai na Guangzhou na kuzipitisha Mombasa na Kasindi, hawakungoja serikali iwajengee maduka. Chuo Kikuu cha Graben, shule za mapadri na za Waprotestanti, vyama vya wazazi, wote wana kiwanja mahali fulani. Raketi kumi na mikebe ya mipira ingeweza kuingia katika kontena moja la simu na vitenge bila kuonekana.

Kwa utaratibu wa zamu, Agosti 2026 mashindano ya wanawake yanahamia Toronto, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kutoka Burlington ikiwa barabara ni nyeupe. Mara hii Victoria Mboko hatahitaji kadi ya mwaliko. Itatolewa kwa msichana mwingine, na kamati ya Tennis Canada itamchagua kutoka katika orodha ndefu ya majina ya watoto waliopita kwenye viwanja vyake.